Mashamba Chini ya Mabati: Ardhi na Historia ya Kibera na Kawangware



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya mitaa yetu miwili. Nimechagua kuizungumza kama historia ya kilimo. Najua baadhi yenu mnashangaa, kwa sababu Kibera na Kawangware zinapotajwa watu hufikiria mabati, matatu, kodi ya nyumba na maji ya mtungi. Lakini mitaa hii ilizaliwa vijiji vya wakulima. Umbo lake la leo, hata mahali vichochoro vinapopinda, lilitokana na namna mashamba yake yalivyotolewa, yalivyoandikwa au yalivyoachwa bila kuandikwa. Jambo hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Nianze mbali kidogo. Nchini Ufaransa, kijiji cha wakulima hata kikiwa na watu mia tatu tu kina ramani ya mashamba yake. Sheria ya Septemba 1807, wakati wa utawala wa Napoleon, iliamuru kila kipande cha ardhi kipimwe, kichorwe, kipewe namba, na jina la mwenyewe liingizwe daftarini. Serikali ilitaka kodi, wala haikuwa na mapenzi na historia. Hata hivyo, daftari lile ndilo linalomwezesha mjukuu leo kujua babu wa babu yake alilima wapi. Mwanahistoria Marc Bloch alizisoma ramani za aina hiyo kabla ya kuandika kitabu chake cha mwaka 1931 juu ya historia ya mashambani Ufaransa. Mwaka 1975 Emmanuel Le Roy Ladurie alitoa kitabu kizima juu ya Montaillou, kijiji kidogo cha milimani, akieleza maisha ya wachungaji na wakulima wake mwanzoni mwa karne ya 14. Kitabu hicho kilisomwa duniani kote. Kijiji hakihitaji kuwa kikubwa wala tajiri ili kistahili historia. Kinahitaji watu waliohifadhi maandishi, na mtu wa kuyasoma.

Sisi tumeandikwa sana, pengine kuliko mitaa yote ya Afrika Mashariki. Lakini tumeandikwa kama tatizo. Ni mara chache mtu huuliza ni nini kilichopandwa hapa.

Tuitazame ardhi kwanza. Magharibi ya Nairobi nchi inapanda kuelekea Kikuyu na Limuru, na mito inateremka kutoka huko ikielekea mashariki. Kati ya mto na mto kuna mgongo wa ardhi, mrefu na mwembamba, kama vidole vya mkono uliotandazwa. Udongo wa migongo hiyo ni mwekundu, wenye kina, uliotokana na miamba ya volkano. Unanyonya mvua vizuri na unalimika kwa jembe la mkono. Ukielekea mashariki na kusini mwa jiji, unakuta udongo mweusi, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Wakulima waliishi kwenye wekundu, wafugaji wakatawala nyanda, na msitu ukakaa katikati. Kibera iko pembezoni mwa msitu huo, kwenye mteremko unaoshuka hadi Mto Ngong, ambao huku juu wengi tunauita Motoine. Kawangware iko juu zaidi, ndani kabisa ya nchi ya migongo. Kaskazini yake unapita Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Mito yote miwili hukutana chini ya jiji, huingia Athi, na maji yake humwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Anayetupa taka Gatwekera, ndani ya Kibera, anamtupia ndugu yake wa Pwani.

Nchi hii ya migongo ililisha wasafiri kabla jiji la Nairobi halijakuwapo. Misafara iliyotoka Mombasa na Pangani, yenye wapagazi Waswahili na Wanyamwezi, ilikuwa ikisimama sehemu iliyoitwa Ngongo Bagas kununua chakula kabla ya kuikabili nchi ya Wamaasai. Walinunua maharagwe, viazi vitamu, mtama na mahindi kutoka kwa Wakikuyu, hasa kwa wanawake, ambao ndio waliolima na ndio waliouza. Mwaka 1890 Frederick Lugard alifika Dagoretti, eneo ambalo Kawangware imo ndani yake, akafanya mapatano na Waiyaki wa Hinga na kujenga boma kwa niaba ya kampuni ya Waingereza. Alichagua hapo kwa sababu ya chakula. Baada ya yeye kuondoka, watu wa kampuni walianza kunyang'anya walichopaswa kununua, boma likashambuliwa, na mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na kufa njiani, Kibwezi. Ugomvi wa kwanza mkubwa kati ya Waingereza na watu wa Dagoretti ulihusu mazao ya shamba. Vitabu vya shule hutaja mapatano na boma, kisha huwasahau wale akina mama na vikapu vyao.

Sasa tuje Kibera. Mwaka 1904 Wamaasai walitiliana saini na Waingereza mkataba uliowahamisha kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Mwaka huohuo, katika msitu huu, askari wa kikosi cha King's African Rifles walianza kupewa mahali pa kukaa na familia zao. Wazee wao walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha la kusini mwa Sudan, ambao Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 na kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza Uganda. Walitoka makabila mengi. Uislamu, lugha ya Kinubi na maisha ya kambini ndiyo yaliyowafanya Wanubi. Jina la Kambi Muru, kijiji kimoja cha Kibera, bado linawakumbuka Wamoru wa Sudan Kusini.

Askari hawa walipigana vita vya watu wengine, ikiwemo ile ya 1914 hadi 1918 dhidi ya Wajerumani Tanganyika, na walipostaafu hawakuwa na kwao pa kurudi. Serikali ikawapa Kibera. Mwaka 1912 ilihesabiwa kuwa hifadhi ya kijeshi yenye ekari 4,197, na mwaka 1918 ikatangazwa katika gazeti rasmi la Serikali. Askari aliyekamilisha miaka 12 ya utumishi alipewa karatasi iliyoitwa pasi ya shamba. Kwa karatasi hiyo alijenga nyumba, akafyeka msitu, akapanda mahindi, maharagwe na mboga, akafuga ng'ombe na kuku. Nyumba zilikaa mbalimbali. Kati ya jirani na jirani palikuwa na shamba, na watoto walichunga hadi kingo za mto. Ndiyo maana hata leo ukipita Makina utakuta nyumba za Kinubi zenye ua mpana, ambazo zimesimama katikati ya msongamano na hazifanani nao. Ziliota kabla ya jiji kuzifikia.

Sasa nitakaa kidogo kwenye ile karatasi, maana hapo ndipo kila kitu kilipoamuliwa.

Pasi ya shamba ilimruhusu mtu kulima. Haikumpa ardhi. Haikupimwa mipaka yake kwa namna ambayo mahakama ingeitambua, na haikusema kwa uwazi mtoto angerithi nini. Askari mstaafu aliiamini kwa sababu ilitolewa na jeshi alilolitumikia. Mwaka 1928 jeshi lilipokabidhi Kibera kwa utawala wa kiraia, ile karatasi ilibaki bila mtetezi. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyokaa kati ya 1932 na 1934, iliwasikiliza wazee wa Kibera na kukata neno kwamba walikuwa wapangaji wa Serikali wanaoweza kuondolewa Serikali ikitaka. Tume hiyohiyo ilikiri kwamba Serikali inalo deni la haki kwao, yaani ikiwaondoa lazima iwatafutie pengine pa kuishi. Deni likaandikwa bila tarehe ya kulipwa. Kwa miaka mingi utawala ulitafakari kuivunja Kibera na kuihamisha, na mahali unapokusudia kupavunja hupaletei bomba la maji wala barabara. Watu wakaendelea kulima huku wakisubiri.

Wakati wanasubiri, shamba lilimegwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 sehemu ya kaskazini ilichukuliwa ikajengwa Woodley kwa ajili ya Wazungu. Baada ya Uhuru zikaja Jamhuri, Otiende, Ngei, Onyonka, Southlands, Ayany, Olympic na Fort Jesus, nyumba nzuri za watumishi wa Serikali na watu wa tabaka la kati. Sina ugomvi na mtu anayeishi humo, alinunua kihalali au alipangishwa. Lakini kila mtaa kati ya hiyo ulikuwa shamba la mtu aliyekuwa na karatasi. Wanubi walipoona ardhi inaondoka chini ya miguu yao, baadhi walijenga vyumba vya kupangisha pale walipokuwa wakipanda mahindi. Wageni kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani na Mlima Kenya walikuja kutafuta kazi, na chifu akawa mtu wa kuruhusu banda lijengwe, kwa kuwa hakuna ofisi ya ardhi iliyoweza kutoa kibali. Ndivyo zilivyosongamana Laini Saba, Kianda, Gatwekera, Soweto, Silanga, Mashimoni. Sensa ya 2009 iliwahesabu watu 170,070, na mwanya wa shamba kati ya jirani na jirani ukatoweka.

Tarehe 2 Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi hatimiliki ya jumuiya yao. Ilikuwa siku ya furaha, wazee walilia, na walistahili kulia. Hatimiliki hiyo ni ya ekari 288. Kutoka 4,197 hadi 288: katika kila ekari mia walizolima babu zao, wamerudishiwa chini ya saba. Naona hatua ile ilikuwa ya haki, na naona haikutosha.

Kawangware ilipita njia nyingine kabisa. Huko hapakuwa na hifadhi ya jeshi. Palikuwa na ardhi ya mbari, yaani ya ukoo wa babu mmoja, na ndani yake kila familia ilijua mpaka wake kwa mti na kwa kijito. Mwaka 1899, mwaka ambao reli ilifika Nairobi, wamisionari Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni ya St. Austin's upande wa mashariki wa Kawangware, katika eneo ambalo sasa ni Lavington na Msongari.

Wafaransa hao wana historia ndefu na sisi Waswahili. Walifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 padri Antoine Horner akaanzisha misheni ya Bagamoyo. Hapo walijenga kijiji cha wakulima kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, chenye minazi na bustani zilizopangwa kwa safu, kijiji cha kilimo cha Kifaransa kwenye mchanga wa Mrima. Mbegu za kahawa ziliwafuata. Mwaka 1893 waliiotesha Bura, Taita, kisha wakaipanda St. Austin's, na kutokana na miche ya hapo walowezi wa kando ya Nairobi walipata mashamba yao. Mpaka sasa aina hiyo ya kahawa inaitwa French Mission. Katika miaka ya 1930 watafiti wa maabara ya Scott kule Kabete, ng'ambo ya pili ya Mto Nairobi ukitoka Kawangware, walichagua kahawa ya SL34 kutoka mti mmoja wa shamba la Loresho uliojulikana kwa jina la French Mission. Kahawa ya Kenya inayosifiwa leo Ulaya na Japani ilipata sehemu ya nasaba yake umbali wa kutembea kutoka stendi ya matatu ya 46 pale Kawangware.

Mkikuyu wa migongo hii aliweza kuchuma buni katika shamba la mzungu, lakini kuipanda kwake alikatazwa. Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kidogo katika miaka ya 1930. Kiambu, ambako Dagoretti ilikuwa sehemu yake wakati huo, walingoja mpaka miaka ya 1950, kwa kuwa walowezi wa hapo waliogopa kuibiwa buni na kukosa vibarua. Udongo ulikuwa uleule mwekundu na mvua ileile ya Machi hadi Mei. Kilichotenganisha shamba la misheni na shamba la jirani yake ni sheria.

Kisha likaja tangazo la hali ya hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja waliondolewa mashambani na kusongwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Huku watu wakiwa vijijini, utawala ulitekeleza mpango wa Swynnerton wa 1954: vipande vya ardhi vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikwa kwa jina la mtu mmoja. Sheria ya usajili ikafuata 1959. Kwa mara ya kwanza Dagoretti ikawa na kitu kinachofanana na daftari la Mfaransa. Lakini nani alikuwapo siku ya kupimiwa? Wengi waliokuwa kizuizini Manyani au Mwea walirudi wakakuta shamba limeandikwa jina la mwingine, au limepungua. Kuna familia ambazo mpaka leo ndugu hawasalimiani kwa sababu ya siku hiyo moja.

Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilisogezwa, Dagoretti ikatolewa Kiambu ikaingizwa jijini, na jiji likafikia kilomita za mraba zipatazo 690. Mkulima wa Kawangware alilala mashambani akaamka mjini, akiwa na hatimiliki mkononi. Kibarua aliyetoka Kakamega au Vihiga alitaka chumba. Mwenye shamba akang'oa mibuni akajenga ploti, vyumba kumi vya mbao na mabati kuzunguka ua mmoja, kisha akajenga kumi vingine. Leo katika Gatina na Kabiro, sehemu za Kawangware, mwenye nyumba mara nyingi ni mjukuu wa aliyelima hapo, na anajulikana kwa jina la baba yake.

Kwa hiyo Kibera karatasi iliyotolewa haikuwa ya ardhi, na Kawangware ilikuwa ya ardhi. Tofauti hiyo mnaiona kwa macho. Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata ilipokatizwa Kibera, nyumba na shule ziliangushwa kwa tingatinga kwa urahisi ambao usingewezekana mahali penye hatimiliki. Lakini nisiwadanganye. Hatimiliki ya Kawangware ilimfaa mwenye shamba na watoto wake. Mpangaji wa Kawangware analipa kodi ya chumba kilekile kidogo, anapanga foleni ya maji ileile, na choo chake ni cha watu wengi vilevile. Anayesema kwamba karatasi peke yake itaiponya Kibera aende akaitazame Kawangware kwanza.

Na kilimo kimekufa? Hapana. Ukishuka Mto Ngong utakuta nduma, miwa na nepia kwenye kingo. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya akiba ya jiji, na palikuwa mahali pa mashua za matanga. Matope na maji taka yalilijaza, mwaka 1998 likafunikwa na gugumaji, na sasa watu wanalima juu ya matope yake. Mazao hayo yana hatari, kwa kuwa maji hayo hubeba uchafu wa vyoo na madini mazito, na mama anayenunua mboga sokoni ana haki ya kujua zilimwagiliwa nini.

Baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzo wa 2008, reli iking'olewa na chakula kikiadimika, vijana waliokuwa wameachana na uhalifu waligeuza jaa la taka kuwa shamba la mboga. Mwaka huohuo shirika la Kifaransa, Solidarités, lilieneza bustani za magunia Kibera: gunia linajazwa udongo na mawe katikati, sukuma wiki na spinachi vinapandwa juu na ubavuni, na familia inakula bila kumiliki hata futi moja ya ardhi. Nimewahi kusikia wasomi wakiliita gunia hilo uvumbuzi. Mimi naliona ni ushahidi. Mjukuu wa mtu aliyekuwa na pasi ya shamba, na mjukuu wa aliyekuwa na ekari tano Vihiga, hawajasahau kulima. Kilichowaishia ni mahali pa kuweka mguu. Juu huko Dagoretti, ng'ombe wa maziwa bado wanafugwa nyuma ya ploti, na machinjio yake yanalisha Nairobi nyama. Kaunti yetu ina sheria ya kukuza kilimo cha mjini tangu 2015. Hatua chache kutoka Kibera, Jamhuri Park, kila mwaka hufanyika maonyesho ya kilimo ambako fahali bora hutembezwa mbele ya wageni. Ningependa siku moja meza iwekwe hapo kwa ajili ya wakulima wa Silanga, nao waulizwe wanachojua.

Nina maombi matatu, na nitawaachia nafasi ya maswali.

Kwenu wazee wa Kinubi: pasi za shamba zilizobaki ziko kwenye masanduku ya nyumbani, zinaliwa na mchwa. Zipigeni picha kabla ya mvua za Machi. Mkubali vijana waje waandike nani alilima wapi, mpaka wa fulani uliishia mti gani, kisima kilikuwa wapi. Kwenu wazee wa Kawangware: elezeni siku ya kupimiwa mashamba jinsi ilivyokuwa, hata kama inauma, na hasa mama zetu mlioachwa mkilima wanaume wakiwa kizuizini, kwa sababu majina yenu hayakuingia daftarini. Na kwenu walimu: wapelekeni wanafunzi Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, mkasome ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter, kisha mrudi mchore ramani ya mtaa wenu kama ulivyokuwa na mashamba. Anayeweza kuanza wiki hii aje mbele mkutano ukiisha, tuandikishane majina.